Jagi la Aubrey Pinnock

Watu wakisoma kibao cha langoni, "Hospitali ya Mtakatifu Egwin", wengine huingia wameshika tumbo wakimuulizia daktari. Daktari hayupo. Hajapata kuwapo tangu nyumba hii ijengwe, na ilijengwa zamani kiasi kwamba wafalme waliowahi kupita hapa wengi wao siwajui hata majina. Hapa hospitali ni ile ya kale: mahali pa kumpokea mtu aliyeishiwa nguvu, na pa kumpa mpita njia chochote kabla hajaendelea na safari yake. Sisi wazee tunaokaa humu tunaitwa Ndugu. Tunavaa majoho meusi yenye msalaba wa fedha kifuani, tunasali asubuhi, tunagombania redio, na wengi wetu tunanuka dawa ya kuchua.

Aliyeijenga ni Bibi Alditha, mke wa tajiri wa sufu wa hapa Ambleford. Inasimuliwa kwamba majira ya baridi fulani mtu alibisha kwake akiomba chakula. Watumishi wakafanya kama walivyofunzwa. Jina lako nani? Umetoka kijiji gani? Bwana wako ni nani? Alipofika swali la tatu yule mtu akaanguka pale pale, akafa, na mkate ulikuwa mezani nyuma yao. Bibi Alditha akaamuru nyumba ijengwe mahali alipoangukia, na kwenye ukuta kitobolewe kidirisha. Atakayebisha apewe mkate na bia, na asiulizwe jina. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na mpaka leo ndivyo tunavyofanya. Wengine husema mgeni njoo mwenyeji apone wakimaanisha kuonyesha adabu tu. Sisi tumepangiana zamu za kukaa kidirishani.

Sheria ya pili ni ya majagi. Zamani kila Ndugu alikuwa akigaiwa bia asubuhi, kwa hiyo aliweka jagi lake kwenye kizingiti kabla ya kengele ya sala. Bia hiyo ilikatwa kabla sijazaliwa, bahati yangu ndivyo ilivyo, lakini jagi likabaki. Kila asubuhi unalitoa nje. Bi Hester Colley, bawabu wetu, anapita na funguo zake kiunoni akitazama vizingiti. Jagi lipo, basi u mzima, anapita. Jagi halipo, anabisha, na usipoitika anafungua mwenyewe. Wawili nimewaona wakikutwa kwa njia hiyo, mmoja akiwa bado anahema.

Sheria ya tatu si ya Bibi Alditha. Ni ya bodi ya wadhamini, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Inasema Ndugu awe mtu wa kujiweza. Ajipikie, ajioshe, ajue saa na siku. Asiyeweza anahamishiwa nyumba ya kutunzia wazee kule kando ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima kwa gari, kwa faida yake mwenyewe, wanasema. Wanasema kwa upole sana. Walipomchukua Horace Bickley walimbebea hata ndege wake wa kanari. Kabla ya Pasaka tukaletewa habari kwamba Horace amefariki, na kanari hakuna aliyejua alikokwenda.

Sasa nimseme Aubrey.

Aubrey Pinnock alikuwa tarishi wa posta wa mji huu, na mimi Enoch Stagg nilikuwa na bucha kwenye Mtaa wa Watengeneza Ngozi. Tumejuana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, akitembea upesi huku kichwa kimetangulia. Alimjua kila mbwa wa Ambleford kwa jina na tabia. Alijua nani anaandikiwa na mwanawe na nani haandikiwi, na wale wasioandikiwa aliwapigia hodi vilevile, akawasemesha habari za mvua ili wasione amewapita. Hodi yake ilikuwa moja tu maisha yote: mbili za haraka, halafu moja nzito.

Mzunguko wake wa asubuhi ulianzia posta, ukapanda Kilima cha Kinu, ukateremka kwa njia ya mtoni kupitia malishoni, ukaishia kwenye kidirisha chetu hiki. Hapo alikabidhi barua za Ndugu, akala kipande chake cha mkate, akanywa bia yake kwenye kikombe cha pembe, akaenda zake. Mkewe Muriel alikuwa akimtania kwamba ameolewa na mtu anayelishwa na masikini. Muriel alipofariki, na miguu ilipokataa vilima, Aubrey akaomba nafasi humu ndani, akapewa chumba jirani na changu. Siku aliyohamia nilimwambia, "Umekula mkate wetu bure miaka yote, sasa njoo uukate." Akajibu, "Na wewe umetuuzia mifupa miaka yote, sasa njoo uitafune." Ndivyo tulivyokuwa.

Mambo yalianza kidogokidogo. Chai yenye chumvi. Joho alilolivaa nyuma mbele. Halafu, wakati wa mavuno, nikaamka asubuhi nikakuta gazeti kuukuu limesukumwa chini ya mlango wangu. Nikachungulia nje, nikaona kila mlango una gazeti lake, na Aubrey anatembea barazani kichwa mbele, mkoba wake wa zamani begani, anagawa barua. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikanikauka, nikayakusanya yale magazeti yote kabla Hester hajapita.

Jioni ile ile akili ilikuwa imemrudia. Akaja kwangu, akakaa kwenye kiti karibu na moto, akawa anasugua magoti.

"Enoch, mimi najijua," akasema. "Kuna asubuhi naamka, chumba si changu. Mikono yenyewe si yangu."

"Uzee huo, bwana. Hata mimi jana nimetafuta miwani nimeivaa."

"Usinibembeleze. Nisikilize. Usiwaachie wakanipeleka kule kwenye barabara kuu. Kule siujui mlango hata mmoja."

Nikamwahidi. Nani angekataa? Nilimwahidi upesi, kama mtu anayetia sahihi bila kusoma, na tangu hapo nikakaa roho juu.

Nikawa ndiye akili yake ya pili. Asubuhi naingia kwake, namgeuza joho, nazima jiko, namwonyesha soksi. Kwenye kanisa letu la humu ndani nakaa ubavuni kwake na kumsukuma kiwiko ifikapo zamu ya kuitika. Na jagi nalitoa mimi. Naweka langu, naweka lake. Kama ameamka vizuri nampa mwenyewe aliweke, kama hakuamka vizuri naliweka mimi, na Hester anapita akitikisa funguo zake, haoni kitu. Nilijiona mjanja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo niliijua tangu utotoni, lakini nilikuwa nimeamua inawahusu wengine.

Jambo moja nilijifunza kwa gharama. Siku moja nilimbana kwa maswali, nikidhani nitamwamsha. "Mimi ni nani? Nitaje jina. Hapa tuko wapi?" Macho yakamtoka, akarudi nyuma, akafungua mlango, akakimbia peku mpaka mwisho wa bustani. Nilimkuta nyuma ya banda la majembe anatetemeka. Sikumuuliza tena. Ukimwacha aseme mwenyewe, alisema. Ukimuuliza, alikimbia.

Mkuu wetu ni mwanamke, Mchungaji Rosalind Thackray, mtu mrefu mwenye buti za bustani na huruma inayonitia wasiwasi kuliko ukali. Kila Alhamisi hunywa chai na Ndugu mmoja. Ilipofika zamu ya Aubrey nami nikajialika, nikaleta mkate wa nyama niliouoka mwenyewe. Aubrey alikaa vizuri, akamimina chai vizuri, nikaanza kuvuta pumzi. Kisha akamkazia macho Mkuu.

"Wewe si yule binti wa muuza samaki wa Kilima cha Kinu? Mama yako hajambo? Mbwa wenu amening'ata mara ya pili sasa."

Mkuu akaweka kikombe chini. "Baba yangu alikuwa fundi bomba, Ndugu Aubrey. Na mbwa hatukuwa naye."

"Anakutania huyo, Mkuu," nikadakia. "Ukimpa nafasi atakwambia mimi niliuza nyama ya paka."

"Uliuza," Aubrey akasema, na kwa rehema ya Mungu wote tukacheka.

Lakini alipokuwa akitoka, Mkuu alinisimamisha barazani. "Enoch, wewe mwenyewe unalala?"

"Nalala kama gogo."

"Macho yako hayasemi hivyo." Akaniangalia, akangoja. Laiti ningesema wakati ule. Mawazoni niliona lile gari jeupe lililomchukua Horace, nikafunga mdomo. Akaenda zake na buti zake.

Basi ikaja Februari na mvua zake. Ilinyesha wiki nzima, mto ukapanda malishoni, ile njia ya mtoni ikazama, ukaiona tu kwa vile vigingi vya uzio vilivyochomoza majini. Halafu mvua ikakatika, baridi ikashuka, vidimbwi vyote vikaganda. Asubuhi hiyo nyonga ilinikamata hata kuamka ikawa kazi. Nikajikokota nikaweka jagi langu. Nikainama mlangoni kwa Aubrey, nikaingiza mkono, nikachukua lake kwenye rafu iliyo nyuma ya mlango, nikaliweka kizingitini. Ndani sikuchungulia. Siku nyingine zote nilichungulia. Siku hiyo nilitaka kurudi kwenye moto wangu.

Hester akapita. Kengele ikalia. Kanisani kiti cha Aubrey kikawa kitupu, nami nikadhani amelala tena. Mkuu aliponiuliza nikamjibu bila hata kumeza mate, "Ana mafua kidogo. Nimemwacha kitandani."

"Nimpelekee chochote?"

"Mwache apumzike."

Baada ya sala nikampelekea chai. Kitanda kilikuwa kitupu, na shuka zilikuwa za baridi. Viatu vyake vilikuwa pale chini vimepangwa. Kulabu ya nyuma ya mlango haikuwa na mkoba.

Chai ilinimwagikia mkononi na sikuisikia. Nikatoka kwa mlango wa bustani nikichechemea na bakora, nikafika mwisho wa ukuta, pale penye geti dogo la kwenda mtoni. Geti lilikuwa wazi. Kwenye tope, pembeni ya maji, kulikuwa na ndara moja ya sufu, ya rangi ya kahawia, imejaa maji. Muriel ndiye aliyemnunulia ndara zile.

Nikaita. Maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi, yana rangi ya chai ya maziwa. Nikaita tena. Na hata pale, namwambia Mungu ukweli, bado kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu: nikisema, watamchukua, nisiposema, labda anarudi mwenyewe, labda yuko Kilima cha Kinu anapiga hodi. Nilisimama nikiyazungusha hayo mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikaiokota ile ndara, nikaona aibu, nikageuka kwenda langoni.

Hester alikuwa chumba cha bawabu, anakata mkate wa kidirishani.

"Aubrey hayupo," nikasema.

"Hayupo wapi? Jagi lake nimeliona."

"Nililiweka mimi."

Akaacha kukata. "Leo?"

"Tangu mavuno. Si kila siku. Siku nyingi."

Hakufoka. Heri angefoka. "Enoch," akasema, "mimi napita kila asubuhi kwenye baridi hii nikiangalia majagi, nikijua naangalia watu."

Nikamwonyesha ndara. Akaivuta kengele ya kanisa kwa mikono miwili, saa ambayo kengele hailii, na milango yote ikafunguka. Mkuu akaja mbio. Nikayasema yote tena mbele yake, mafua na uwongo wangu wote, naye akasikiliza huku anavaa koti, macho hayanitoki. Alisema neno moja tu, "Baadaye." Akapiga simu polisi, akawagawa Ndugu: wa magoti mazima waende daraja la juu na la chini, wengine mitaani. Nikawaona wanatoka langoni, wazee wenye majoho meusi na bakora, wanaita jina moja katika mji mzima.

Mimi nikataka kufuata. Hester akanishika bega.

"Na nyonga hiyo? Utatuongezea wa pili wa kutafuta. Kaa kidirishani."

"Nani atakula mkate leo, Hester?"

"Atakayebisha," akasema, akaondoka.

Nikakaa. Kidirisha chetu kina upana wa mabega ya mtu, na kinatazama barabara ya mjini. Upande wangu kuna kikapu cha mkate, pipa dogo la bia na vikombe vya pembe. Lango kubwa liko pembeni, na komeo lake ni boriti ambayo peke yangu huichukua muda kuinyanyua. Wakaja mume na mke waliovaa nguo za kubana za baiskeli, wakapiga picha, wakauliza kama bia ni ya kienyeji. Nikawapa, sikumbuki nilijibu nini. Akaja dereva wa lori, akala bila maneno, akanitazama, akasema, "Pole, mzee," bila kujua ananipa pole ya nini. Nilitamani kumshika mkono asiondoke.

Kisha kelele zikatoka upande wa mtoni. Sauti za watu, halafu mbwa, halafu kimya. Kimya kile kilinitia hofu kuliko kelele. Nilianza kumuona Aubrey chini ya yale maji, masikio yake makubwa, mkoba unamvuta. Nilimuona vizuri kabisa. Nikasema kwa sauti, chumbani peke yangu, "Mchukueni. Mpelekeni barabara kuu, mpelekeni popote, mradi awe anapumua." Ahadi yangu yote ilikwisha hapo, na sikuona hasara.

Mbili za haraka, halafu moja nzito.

Nilidhani ni kichwa changu. Nikainua uso. Alikuwa amesimama nje ya kidirisha, joho limelowa mpaka kiunoni, ndara mguu mmoja, mguu mwingine mtupu una rangi ya ini. Midomo ilikuwa ya buluu. Mkoba ulikuwa begani.

"Habari za asubuhi," akasema kwa uchangamfu wa kazini. "Leo hamna kitu, ni bili tu. Mkate upo?"

Hakunijua. Niliona hivyo mara moja. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa kaunta. Jina lake lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi wangu, na mkono wangu ulitaka kupita kidirishani umkamate joho. Lakini nyuma yake barabara ilikuwa tupu mpaka darajani, na nilikumbuka banda la majembe. Nikimwita atashtuka. Nikimuuliza atakimbia. Na mimi sina mguu wa kumfukuza.

Basi nikafanya kile ambacho kila mtu wa zamu amekifanya hapa tangu Bibi Alditha. Sikumuuliza kitu.

"Upo," nikasema. "Kula kwanza."

Nikakata kipande kinene, nikampa. Nikajaza kikombe nusu, nikamsogezea. Akala huku anatetemeka kwa baridi, makombo yakianguka kwenye msalaba wake wa fedha.

"Njia ya mtoni mbaya leo," akasema. "Nimezunguka kwa juu baada ya maji kunifika kiunoni. Lakini wa Kinu nimewapelekea. Mama yule huwa anangoja."

Mama wa Kinu amekufa siku nyingi. "Umefanya vizuri," nikamwambia. Nikamkatia kipande cha pili, chembamba, ili kikiisha nimkatie cha tatu.

Ndipo nikamwona Mkuu anatoka kona ya mtaa. Koti lake limejaa tope, uso umemkauka kwa baridi. Alimwona Aubrey mgongo, akasimama ghafla, akafungua mdomo. Nikainua kiganja. Sijui alisoma nini usoni mwangu, mimi niliyemdanganya asubuhi ile ile. Akafunga mdomo. Akaja taratibu, akasimama upande wa Aubrey kwenye kidirisha, kama mpita njia mwingine.

"Na mimi nipe," akasema.

Nikampa. Wakasimama bega kwa bega wanatafuna.

"Mzuri mkate wa hapa," Aubrey akamwambia. "Mimi nakula kila siku. Barua naleta kila siku, ila ndani sijawahi kuingia." Akatazama juu ya lango, mabomba ya moshi. "Hivi mtu akichoka, wanampokea?"

Alikuwa anaongea na Mkuu.

"Wanampokea," Mkuu akasema.

"Mh. Mimi nilisikia siku hizi wanataka wanaojiweza."

Mkuu akaacha kutafuna. Kila mwaka, Siku ya Mwanzilishi, ni yeye anayepanda mimbari na kusoma kwa sauti yake nzuri maneno ya Bibi Alditha, kwamba nyumba hii ni ya wale wasioweza kusimama pasipo mkono wa mtu mwingine. Sote tumeyasikia maneno hayo mpaka tumeacha kuyasikia. Mimi mwenyewe huwa nasinzia. Pale kidirishani yalinirudia yote, na nadhani hata yeye, kwa sababu machozi yalimlengalenga, na si mtu wa machozi.

"Asiyejiweza ndiye hasa aliyejengewa nyumba hii," akasema.

"Basi niombeeni nafasi," Aubrey akasema. "Si leo, nimalize mzunguko kwanza. Mwambieni mkubwa wa hapa. Jina langu ni..."

Akasimama. Akatazama mkoba. Akatazama vidole vyake, kimoja kimoja, kana kwamba jina limeandikwa hapo. Nikaona ile hofu inapanda usoni, nikaona mguu ule mtupu unageuka kuelekea barabarani, na mimi ukuta mzima uko kati yetu.

"Hapa hatuulizi jina," Mkuu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nafasi ipo. Shika mkono wangu tuingie."

Aubrey akamtazama. "Nitawachafulia sakafu."

"Imezoea."

Akampa mkono. Nikainyanyua ile boriti ya lango peke yangu, nyonga au si nyonga, na wakaingia.

Daktari wa mjini alisema angechelewa kidogo tu ule mguu usingepona. Amewekwa chumba cha chini karibu na jiko, na Ndugu wenye nguvu tunapokezana kumwangalia, zamu kama za kidirishani. Hester alininunia mpaka Kwaresima ikaisha. Kwangu jagi halimtoshi tena: lazima nisimame kando yake nimwamkie ndipo apite. Bodi ya wadhamini ilikuja, ikakaa, ikataja sheria. Mkuu akawaambia, "Aliomba mlangoni, nikamwambia nafasi ipo. Mkitaka kumwambia haipo, njooni mmwambie ninyi, pale kidirishani." Wakaahirisha. Watakaa tena mwezi ujao, na sitadanganya kwamba nalala. Kila gari jeupe likipunguza mwendo nje, naacha ninachofanya.

Lakini kila asubuhi Hester anamvika Aubrey viatu, anamtoa kwa mlango mdogo, anamfuata nyuma hatua chache, naye anazunguka ukuta na mkoba wake mtupu mpaka kwenye kidirisha. Hajui kwamba anaishi hapa. Anakula mkate wake, anatazama mabomba ya moshi, anauliza kama wanapokea watu. Leo zamu ilikuwa yangu.

"Ipo," nikamwambia. "Nafasi ipo."

"Afadhali," akasema. "Maana kwetu nimepasahau."